Picha Ndiyo Itakayosema Karibu

Maneno niliyowaambia wachongaji, wachoraji na wasusi wa Bagamoyo tulipokutana kuzungumzia maombi ya maonyesho ya nje. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.

Wazee wangu, shikamooni. Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Mama zangu, kaka na dada zangu, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni, ingieni, mikeka ipo.

Niliombwa nije nizungumze kuhusu picha. Nitazungumzia picha moja tu. Picha za vinyago, za vikapu na za michoro wengi wenu mnazipiga vizuri sasa, nimeziona kwenye simu zenu. Ninayoitaka leo ni ile inayoombwa mwishoni mwa fomu, ambayo tukifika hapo tumeshachoka, tunapekua kwenye simu, tunachukua yoyote iliyopo tunaituma. Picha ya banda.

Kwanza tukumbushane tunavyouza. Mgeni akishuka kwenye gari, hata mlango haujafungwa, tumeshamwita. "Karibu mama, karibu kaka, kuangalia bure!" Akisita, tunamfuata na kinyago mkononi, tunakitoa kivulini tunakipeleka kwenye mwanga, tunakigeuza aone mgongo. Tunamwambia huu ni mpingo, hebu ubebe uone uzito wake, gonga kwa ukucha usikie. Mchoro ukiwa juu sana tunaushusha, tunamwekea mapajani. Banda linaweza kuwa na vumbi, linaweza kuwa na giza, na bado jioni tukapeleka unga nyumbani, kwa sababu mdomo na mikono yetu vimefanya kazi iliyolishinda banda.

Sasa ondoa mdomo. Ondoa na mikono. Liache banda peke yake mbele ya watu ambao hawajawahi kufika Bagamoyo, hawakujui, na hawaruhusiwi hata kuliona jina lako.

Hayo ndiyo maonyesho ya mchujo. Huku kwetu ukitaka kuuza Sabasaba unalipia nafasi, unapanga vitu vyako, umemaliza. Marekani kuna utaratibu mwingine. Maonyesho yao makubwa ya sanaa na kazi za mikono, yale yanayofanyika barabarani na kwenye bustani za wazi, yanaanza na maombi. Unalipa ada ya maombi, na kwa kawaida ada hiyo hairudi ukikataliwa. Unatuma picha chache za kazi zako, mara nyingi tatu hadi tano, pamoja na moja ya banda. Wenye maonyesho wanakusanya jopo la waamuzi: wasanii, walimu wa sanaa, wenye majumba ya sanaa. Picha zako zinatokea mbele yao kwa pamoja, zimepangwa mstari mmoja, wanatoa alama, wanakwenda kwa anayefuata. Maombi yanapokuwa mengi, raundi ya kwanza kila msanii anapata sekunde chache. Sekunde, ndugu zangu. Hata "karibu mama" hujaimaliza.

Maombi mengi ya kule siku hizi yanapitia mfumo wa intaneti unaoitwa ZAPP. Yapo pia masoko yanayotafuta hasa mafundi wa kazi za asili kutoka nchi mbalimbali, kama International Folk Art Market la Santa Fe, New Mexico, lililoanza mwaka 2004, na huko nako huingii bila kuomba na kuchaguliwa. Fomu hazifanani. Nyingine zinataka picha ya banda, nyingine hazitaki, nyingine zinataka na maelezo ya namna unavyotengeneza. Isome fomu yote kabla hujalipa hata shilingi. Lakini ikikutaka picha ya banda, basi ujue picha hiyo inapewa alama kama kazi zako zinavyopewa, na inaweza kukuangusha hata kama kazi zako zimesimama.

Mimi iliniangusha.

Nawaeleza picha niliyotuma mara ya kwanza, kwa sababu ninayo mpaka leo na kuna siku huwa naifungua nikaitazama. Ilipigwa siku ya biashara, saa saba mchana, jua liko utosini. Banda langu lilikuwa na turubai la bluu, haya ya kawaida tunayofunikia mchanga na magari. Jua lilipita juu ya lile turubai likaingia ndani limeshapakwa rangi. Pundamilia wangu wakawa bluu. Twiga wakawa na rangi ya mtu mwenye homa. Mbele ya banda kulikuwa na mstari wa jua mkali uliokata michoro miwili katikati, nusu inawaka, nusu giza. Kulikuwa na kiti chekundu cha plastiki, khanga yangu imetupwa mgongoni mwake. Chupa ya maji. Kandambili za mtu. Kona ya kulia kiwiko changu kinaonekana, maana nilikuwa naongea na mteja. Na juu kabisa bango langu, jina langu lote na namba zangu mbili za simu, herufi nyekundu.

Michoro iliyokuwa kwenye picha ile ilikuwa mizuri. Nasema hivyo bila kuona haya. Miwili kati yake niliuza baadaye kwa bei niliyoitaka. Jopo halikuiona.

Nilijibiwa kwa barua fupi ya shukrani. Mwaka uliofuata nikatuma tena kazi mpya na picha ileile ya banda, nikajibiwa vilevile. Ndipo nikampelekea dada mmoja mchoraji aliyewahi kukaa kwenye jopo. Hakunihubiria. Alifunika picha za kazi zangu kwa kiganja, akabakiza ile ya banda, akaniuliza, "Huyu anauza nini?" Nikatazama. Kweli, kitu cha kwanza jicho lilichokiona kilikuwa kiti.

Tuna methali yetu, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Naipenda na naiamini. Lakini tumeitumia kama ruhusa ya kutokipangia kizuri mahali pake. Kizuri chajiuza kikionekana. Kikiwekwa nyuma ya kiti cha plastiki, chini ya turubai la bluu, hicho hakijapewa nafasi ya kujiuza, na anayelaumiwa ni fundi.

Waamuzi wanatafuta nini kwenye banda? Wanataka kuona kwamba una kazi za kutosha kujaza nafasi, kwamba hukutengeneza vipande vinne vizuri kwa ajili ya fomu halafu basi. Wanataka kujua banda lako likisimama kwenye maonyesho yao litakaa vipi kando ya mabanda mengine. Na wanataka kuona mkono mmoja. Hapa nataka tukae kidogo, na wazee wangu mniwie radhi nikisema kitu kitakachouma.

Maonyesho mengi ya mchujo yanakataza kuuza kitu ambacho hukukitengeneza wewe. Ni kanuni imeandikwa, na fundi mwenyewe anatakiwa awepo bandani siku zote za maonyesho. Picha ya banda ni njia yao ya kuchungulia. Mwamuzi ameona picha nne za vinyago vya mpingo, vyote vimechongwa kwa mkono mmoja, mikato inafanana. Anafika kwenye banda, anakuta vinyago vitatu vya aina ile, na pembeni bangili za shanga, sumaku za friji, michoro ya simba yenye saini ya mtu mwingine, na bakuli za mti ambazo kila duka linazo kuanzia Mwenge mpaka Mji Mkongwe. Hawezi kukuuliza. Anaandika alama ya chini na anaendelea. Tunachanganya mzigo kwa sababu biashara ya kila siku ndivyo ilivyo. Mimi mwenyewe nimeuza bangili miezi ambayo michoro haikutoka, na ada ya shule haingoji. Silaumu meza ya kila siku. Ninachosema ni kwamba picha ya maombi ni picha ya kazi yako peke yako. Kinyago cha jirani, hata kama ni cha ndugu yako wa tumbo moja, kisiingie.

Na kazi za bandani ziwe ndugu wa zile ulizozituma. Ukituma picha za vikapu vya ukili vya rangi ya asili, banda lisijae vikapu vya rangi za bendera. Kama kimojawapo cha vile ulivyotuma kipo bado, kiweke bandani mahali pa kuonekana. Mwamuzi akikitambua, anaamini na vingine.

Basi, banda hilo linajengwa lini? Hapa ndipo wengi tunapokosea, na ndilo jambo lililonileta. Tunangoja siku ya maonyesho au ya tamasha, tukiwa na haraka na wateja, ndipo tunampa kijana simu: hebu nipige picha banda. Siku ya biashara siyo siku ya picha. Picha ya banda inapigwa siku yake, banda limejengwa kwa ajili hiyo tu, hakuna mteja, hakuna mauzo. Linaweza kujengwa uani kwako. Kijana ambaye hajawahi kushiriki maonyesho hata mamoja anaweza kulijenga uani, akalipiga picha, akalibomoa, na picha hiyo ni halali, mradi kazi ni zake na banda ni lile atakalolisimamisha kweli.

Kipimo cha kawaida cha Marekani ni futi 10 kwa futi 10, yaani mita tatu hivi kwa tatu. Chukua kamba, pima, piga vigingi vinne. Utashangaa. Sisi tumezoea kupanga chini na kuning'iniza hadi darini, kwa hiyo ndani ya mita tatu tunataka kuingiza vitu mia. Ingiza vitu mia uone jicho litatua wapi. Nimejaribu na michoro yangu: ishirini na sita ilikuwa soko, kumi na miwili ikawa banda. Mkubwa kuliko yote katikati ya ukuta wa nyuma, kimo cha macho, midogo pembeni, na nafasi ya kiganja kizima au zaidi kati ya mmoja na mwingine. Ukuta unaopumua unamwambia mtazamaji kwamba kila kipande kina thamani.

Sasa mwanga, na hapa Mungu ametupendelea watu wa Bagamoyo.

Bahari yetu iko mashariki. Asubuhi jua linatoka majini linatupiga usoni, banda lililoelekea pwani linawaka lote mbele, na ndani kunabaki giza. Mchana jua liko juu, linashusha vivuli vyeusi chini ya kila kitu. Lakini kuanzia saa kumi alasiri jua limeshavuka kwenda bara, na zile nyumba za mawe za zamani zinaangusha kivuli kirefu upande wa bahari. Simamisha banda ndani ya kivuli hicho, mgongo wa banda kwenye nyumba, uso kwenye maji. Banda zima liko kivulini, hakuna hata mstari mmoja wa jua, na mbele yake kuna anga lote la bahari linalomwaga mwanga laini, sawasawa, kuanzia chini hadi juu. Watu wa studio wananunua mataa na miamvuli kwa fedha nyingi kutafuta mwanga wa namna hiyo. Sisi tunaupita kila siku tukienda kununua samaki.

Usiposimama kwenye kivuli cha nyumba, yaani ukaliacha jua nyuma ya banda tupu, kitambaa cha nyuma kitawaka kama taa na kazi zako zote zitageuka vivuli. Kwa hiyo ukuta imara nyuma ni lazima. Siku ya mawingu ni rahisi zaidi, mawingu ya masika yanafanya kazi hiyohiyo, ila uwe na pa kukimbilia mvua ikija. Chini ya makuti usipige. Makuti yanavuja jua vijitundu vijitundu, na kila kijitundu kitatua juu ya mchoro kama doa la chokaa.

Turubai la bluu liondoeni. La kijani vilevile, na jekundu. Ukiwa kivulini huhitaji paa la kuzuia jua, kwa hiyo kama huna tenti jeupe ni afadhali fremu tupu na kuta tatu za kitambaa, halafu ukate picha chini kidogo ya mahali paa lingekuwa. Ukipata tenti jeupe tupu, vizuri zaidi. Haya matenti ya promosheni yenye nembo za kampuni hayafai, nembo itaonekana kuliko kazi yako. Na kama unaweka taa ndani, ziwe za rangi moja. Taa ya njano na mwanga wa bahari ukichanganya, nusu ya banda inakuwa ya machungwa na nusu ya bluu, na hakuna simu itakayokurekebishia zote mbili kwa pamoja.

Kuhusu kitambaa cha ukutani, nisikilizeni vizuri wachongaji.

Mzee mmoja wetu, hayupo leo, yuko shambani, alikuja na vinyago tisa vya mpingo na kitambaa cheusi cha kung'aa alichonunua kwa ajili ya picha. Alifikiri cheusi kitaonyesha heshima. Tukapanga, tukapiga. Vinyago vilitoweka. Yakabaki macho mawili matatu na ncha za pua. Tukabadilisha, tukaweka shuka jeupe la hospitali, jeupe pe. Kamera iliona weupe mwingi ikapunguza mwanga, vinyago vikawa vivuli vilivyokatwa kwa mkasi, umbo lipo, mikato hakuna. Ndipo mke wake akaleta marekani, ile pamba ghafi ambayo haijapaushwa, mita sita. Tukachemsha sufuria ya chai ya rangi, nyingi, majani bila sukari, tukaichovya, tukaianika. Ilipokauka ilikuwa na rangi ya mchanga wa ufukweni ukiwa mkavu. Tukaitundika, tukaikaza isiwe na mikunjo, tukasogeza vinyago nusu mita mbele yake. Mwanga ukatoka upande wa bahari ukaingia kwenye kila mkato. Yule mzee alisogea kwenye simu, akaiangalia muda mrefu, akasema, "Sasa naiona patasi yangu."

Kitambaa chenyewe kina historia hapa. Jina lake marekani tulilipata kwa sababu kililetwa kutoka Marekani. Karne ya 19 merikebu za Salem, Massachusetts, zilikuwa zinakileta Zanzibar, na misafara iliyoanzia Bagamoyo ilikibeba hadi Tabora na Ujiji kama fedha. Mzee alipotuma maombi yake kwenda Marekani, kitambaa kile kilikuwa kinarudi kwao kikiwa kimebeba mpingo wetu. Hilo lilinigusa sana siku ile, na bado linanigusa.

Wachoraji, sisi shida yetu ni mng'ao. Rangi zetu za enameli, kuanzia zile za baiskeli alizotumia Edward Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960, zinang'aa, na kila kinachong'aa kinaonyesha anga kama kioo. Uzuri wa kivuli ni kwamba mng'ao unapungua, ila hauishi. Inamisha mchoro kidogo mbele upande wa juu, weka kipande cha mti nyuma yake, uone mng'ao unavyoteremka na kutoka. Mwenye fremu za vioo, avue vioo siku ya picha.

Khanga na vitenge nimeulizwa sana. Jamani, navipenda, nimevaa khanga sasa hivi. Lakini nyuma ya kazi zenye rangi, khanga inashindana na kazi, na khanga imetengenezwa ishinde. Msusi wa mikeka ya rangi moja anaweza kuweka kipande kimoja mahali pa chini. Mchoraji asiweke kabisa.

Kabla ya kupiga, toka nje usimame mbali, kisha taja kwa sauti kila kitu unachokiona ambacho hakiuzwi. Kiti. Ndoo. Nyaya. Sanduku la kuhifadhia. Simu inayochaji. Vyote viondoke. Meza ifunikwe mpaka chini ili tusione kilicho uvunguni. Mchanga ufagiliwe, nyayo zifutwe, au tandika mkeka mmoja usio na rangi nyingi. Vibandiko vya bei vitoke. Bango la jina litoke, na saini kubwa ya ukutani pia, kwa sababu kule mwamuzi hatakiwi kujua wewe ni nani, na jina likionekana picha yako inaweza kukataliwa kabla ya kutazamwa. Mtu asiwemo. Hata wewe. Najua inauma, maana banda bila mwenyewe linaonekana kama limekimbiwa. Ndiyo maana kila kitu kingine lazima kikae kama mwenyeji.

Kupiga kwenyewe hakuna maneno mengi. Simu inatosha kama ina kamera safi na lenzi imefutwa, tena ifute kwa kitambaa laini, siyo kwa kidole chenye mafuta ya samaki. Usitumie ile lenzi pana inayoandikwa 0.5, inapinda nguzo na kuzifanya kuta ziwe kama zinaanguka. Rudi nyuma hatua saba au nane utumie lenzi ya kawaida, au 2x kama simu yako inayo. Kimo cha kifua, simu iwe wima kabisa, isilale mbele wala nyuma. Iweke kwenye stendi, na kama huna, kwenye kigoda juu ya meza. Nguzo za banda zikiwa wima kwenye picha, mtazamaji anakuamini bila kujua kwa nini. Piga ya kwanza ukiwa na karatasi nyeupe imeshikwa katikati ya banda. Ikitokea ya bluu au ya njano, rekebisha rangi mpaka karatasi iwe nyeupe, kisha itoe karatasi uendelee. Piga uso kwa uso, halafu sogea kidogo upande mmoja upige nyingine ili kuta mbili zionekane na banda liwe na kina. Mara nyingi hii ya pili ndiyo nzuri.

Kusawazisha picha, kuikata pembeni, kuongeza mwanga, kufuta jani lililoanguka, hayo sawa. Kubandika kwa kompyuta mchoro ambao haukuwepo ukutani, hapana. Ukichaguliwa utatakiwa ulete banda lile lile.

Na mwisho kitu kinachowaangusha vijana wengi. Umepiga picha nzuri, unamtumia rafiki mwenye kompyuta kwa WhatsApp akupakilie. WhatsApp inaibana picha. Inafika ndogo, misuko ya ukili imekuwa uji. Itume kama dokumenti, au kwa barua pepe, au kwa waya. ZAPP wanataka faili la JPEG ambalo upande wake mfupi haupungui pikseli 1400, na lisizidi megabaiti 5. Maonyesho mengine yana vipimo vyao. Hifadhi picha ya asili mahali pawili, simu zinaibwa na zinaanguka majini.

Tumekubaliana Jumamosi. Nimeomba kile kiwanja kidogo nyuma ya nyumba ya mawe, upande wa bahari, na mwenyewe ameridhia. Saa tisa tuanze kusimamisha, saa kumi tupige, tukianza na wasusi kwa sababu vikapu vinapangwa haraka. Kila mmoja aje na kazi zake kumi na mbili, siyo zaidi, zimepanguswa vumbi nyumbani. Nitaleta marekani mita 20, nimeshaichovya jana. Nahitaji ngazi moja, pasi ya mkaa, na vijana wawili wenye nguvu wa kushika fremu, maana kusi imeshaanza kuvuma na mchana inakuwa kali.